Kipimo cha Mwanamke Mwingine

Gauni la muuza maziwa lilimkaa siku ya kwanza, na hilo ndilo lililomtia fundi wasiwasi.

Mama Chaki, kama wateja walivyomwita kwa vile vidole vyake havikukosa unga mweupe, alishona nguo za wanawake tangu hajaolewa, na hakuwahi kuona gauni lisilorudi mezani. Mwili wa mtu una siri zake. Huyu tumbo linatangulia, yule kwapa limebana. Ndiyo maana fundi makini haanzi na kitambaa. Huchukua karatasi ya kukatia, akaichana kifuani, akabandika kipande, akaikunja kiunoni, mpaka karatasi ikubali kufanana na mwenye mwili. Safari hii hakufanya hivyo. Kazi zilimzidi, akavuta tu karatasi ya kukatia aliyoikuta kwenye mtoto wa meza ya cherehani aliyoinunua kuukuu, akakata vilevile ilivyo, akijiambia kasoro atazirekebisha mbele ya safari. Uvivu ule, Mungu amsamehe, alikuja kuulilia.

"Wee!" Muuza maziwa alijigeuza mbele ya kioo, unene wake wote umetulia ndani ya kitambaa. "Fundi, ulinipima usingizini nini? Leo mume wangu atarudi nje abishe hodi, ajue kapotea nyumba."

"Hebu inua mkono. Kaa. Inama."

Halikuvuta popote. Na karatasi ile haikuwa ya mwanamke mnene. Ilikuwa na kiuno chembamba, mgongo mrefu, na bega la kulia lililoshuka.

Kwa kutaka kujua, akamkatia kwa karatasi hiyohiyo mwalimu wa chekechea, mwembamba kama fagio lililochakaa. Nalo likamkaa. Habari haina miguu lakini inafika: wanawake wakafuatana mlangoni kama siafu, na binti yake, mtoto wake wa pekee aliyekuwa akingoja ndoa yake, akawa anashona naye bega kwa bega.

Ndipo chumba kilipoanza kunuka karatasi iliyolowa, harufu ya kabati la mtu aliyekwisha kufa. Na mchana kweupe, mkasi ukiwa mezani mbele yao, nyuma ya pazia la kujaribia nguo ikasikika sauti ya makali yakipita kwenye karatasi, polepole, kama mtu anayefuata mstari.

"Mama," binti alinong'ona, "nani anakata mle?"

"Nyamaza. Soma aya unazozijua."

Wakasoma wote wawili. Sauti ikanyamaza, lakini pazia lilibaki limetuna.

Siku iliyofuata Mama Chaki alitoka kununua uzi, akamwona mbele yake muuza maziwa. Akamwita. Aliyegeuka alikuwa mwalimu wa chekechea. Na ng'ambo ya barabara alipita mwanamke mwingine, na mbele yake mwingine, waliokuwa wanene na waliokuwa wembamba, na wote kwa nyuma walikuwa mtu mmoja, mgongo ule mrefu, bega lile la kulia limeshuka, wakitembea kwa hatua moja kana kwamba kuna anayewahesabia.

Muuza maziwa mwenyewe alikuja jioni, hana utani tena. "Shoga yangu, nguo zangu zote za zamani zimenikataa," alisema kwa sauti ya chini. "Najiogesha, naona naosha mtu mwingine."

Mama Chaki alikimbilia chumba cha ndani. Binti yake alikuwa mbele ya kioo na gauni jeupe la harusi.

"Nimejishonea mwenyewe, mama, nikupunguzie kazi. Nimetumia ile karatasi." Akatabasamu. Bega lake la kulia lilikuwa limeshuka.

Walimwita maalimu wa mtaani, mzee asiyependa maneno mengi. Alisoma mpaka jasho likamtoka. Mwisho akasema, "Kuna jini humu anatafuta mwili. Karatasi ni yake. Msiichome, msiiguse. Nakwenda kuwaleta wenzangu, peke yangu siwezi."

Lakini mama na mtoto wake, subira inatoka wapi? Mara tu maalimu alipotoka, Mama Chaki alifikiri kifundi: ikiwa karatasi ndiyo iliyopinda mwili, basi ukiinyoosha karatasi na mwili utanyooka, na vipimo vya mwanawe alivijua kwa moyo tangu nguo za kitoto, kwa hiyo akaitandaza mezani, akaichana begani na kulipandisha, akakata mgongo na kuupunguza, akapanua kiuno kwa kipande alichokibandika, na kila mkasi ulipouma alisikia chumbani binti yake akiguna kama mtu anayenyooshwa kiungo, naye akawa analia na kukata, anasoma na kukata, harufu ile ya karatasi mbichi ikimjaa kooni, mpaka mstari wa mwisho ulipofunga na kukawa kimya, kimya cha mtu aliyeacha kutafuta.

Binti alitoka amesimama wima. Mabega sawa. Harufu imekwisha. Kabla ya magharibi muuza maziwa alipita akipiga kelele kwamba sketi yake ya zamani imemrudi, Mungu ampe fundi umri.

Maalimu aliporudi na wenzake, aliitazama karatasi, akaketi chini.

"Umeweka vipimo vya nani?"

"Vya mwanangu."

"Mama, yule alikuwa akihama mwili kwa mwili kwa sababu hakuna uliomkaa." Akafuta uso. "Wewe umemkatia."

Wakasoma wote mpaka alfajiri, hakuna kilichotoka. Siku ya harusi ilipofika, Mama Chaki alifunga mlango wa chumba cha bibi harusi, akamzungushia futi ya kupimia. Mabega, mgongo, kiuno, vyote sawasawa na alivyovijua. Akaizungusha kifuani.

"Vuta pumzi, mwanangu."

"Nimevuta, mama."

Futi haikusogea.

"Haya, itoe."

"Nimeitoa."

Haikusogea. Macho yale yalimtazama kwa upole, yakimngoja amalize.

Shangazi wa bwana harusi akachungulia mlangoni, akapiga kigelegele. "Limemkaa huyu, utadhani kazaliwa nalo! Haya fundi, tupe mwali wetu, gari linangoja."

Mama Chaki angewaambia nini, na kila kipimo kilikuwa sawa? Akaiachia futi, na yule aliyekuwa ndani ya mwanawe akambusu mkono, akatoka.