Alama Nyuma ya Sikio

Kendra alikuwa akimwogesha mwanawe kwenye beseni, juu ya meza ya jikoni. Mtoto aliitwa Silas. Alikuwa na miezi miwili. Maharage yalichemka jikoni, na nje ukungu ulikuwa bado umeifunika milima yetu ya Kentucky.

Alipofika nyuma ya sikio, mkono wake ulisita.

"Travis! Hebu njoo uone."

Mumewe alikuja akifikicha macho. Usiku alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Mchana Kendra akienda dukani kuuza, yeye ndiye aliyebaki na mtoto.

"Kuna nini tena?"

"Hapa sikioni. Damu imevilia."

"Atakuwa amejigonga kitandani."

"Hata kujigeuza hawezi, Travis. Atajigongaje?"

"Basi sijui! Mbona unanihoji kama polisi?"

Alirudi chumbani akabamiza mlango. Kendra alimfunga mtoto taulo. Alama yenyewe ilikuwa ndogo kama punje ya mahindi. Je, apuuze tu? Aliwahi kusikia watu wakisema, "Ukipeleka mtoto mwenye alama kliniki, hutarudi naye." Alifika mlangoni, akarudi. Mwishowe alimvika Silas kofia, akaondoka bila kuaga.

Kliniki alipokewa na muuguzi Opal, mama wa makamo aliyewajua watu wote wa bondeni. Opal alimvua mtoto nguo zote. Akamtazama mwili mzima, polepole, hata ndani ya mdomo.

"Si itapona yenyewe?" Kendra aliuliza.

"Itapona, mwanangu. Shida si alama. Shida ni imetoka wapi."

"Lakini ni ndogo tu!"

"Hata sisi tulikuwa tukisema hivyo. Tunaona alama ndogo, tunamwambia mama aende nyumbani. Baadhi ya watoto walirudi baadaye mifupa imevunjika. Ndipo watafiti wa kituo kimoja cha chuo kikuu, kinachoshughulikia watoto walioumizwa, wakachunguza watoto wengi walioumia. Waligundua kwamba mtoto ambaye bado hajaanza kutambaa wala kusimama, ni nadra sana kujiumiza mwenyewe. Damu ikivilia, hasa sikioni, shingoni au tumboni, lazima kuna sababu. Huenda ni ugonjwa wa damu. Huenda ni mkono wa mtu. Hatubahatishi, tunapima."

"Na hayo umeyajuaje wewe?"

"Hawakuyaacha yakae kwenye vitabu vyao. Walikuja hapa hapa wakatufundisha. Na tukikwama, daktari wao tunampigia simu."

Kendra alimkumbatia mtoto. "Mtaninyang'anya?"

"Sitakudanganya. Sheria inanitaka niwaarifu watu wa ustawi wa watoto. Lakini tunachotaka ni Silas awe salama, nanyi msaidiwe."

Opal alimpigia daktari wa kile kituo. Daktari aliuliza maswali mengi, kisha akaagiza Silas apimwe damu na apigwe picha za mifupa siku hiyo hiyo. Wakaenda hospitali ya wilaya. Opal alifuatana nao. Travis alipopigiwa simu alikuja, akakaa kiti cha mbali, akiinamisha kichwa. Kusubiri kulikuwa kurefu. Mlango ukifunguka, Kendra alishtuka.

Majibu yalipokuja, mifupa ilikuwa mizima. Damu haikuwa na ugonjwa wowote.

Kendra alimgeukia mumewe. Wala hakuhitaji kuuliza.

"Ni mimi," Travis alisema. "Alilia, akalia. Nilikuwa sijalala. Nilidhani ananichukia. Nikamvuta sikio anyamaze. Nilitaka hata kumtikisa."

"Usimsogelee mwanangu!" Kendra alifoka.

Opal alikaa katikati yao. "Travis, ulilofanya ni baya, na umelisema. Sasa nisikilize. Watoto wachanga hulia zaidi na zaidi, na kilio hufika kileleni karibu na umri huu. Kisha hupungua. Hakuchukii. Ukiona hasira inapanda, mlaze chali kitandani mwake, toka nje, vuta pumzi, mpigie mtu simu. Kilio hakiui mtoto. Kumtikisa huua."

"Hakuna aliyeniambia," Travis alisema.

Mambo hayakunyooka mara moja. Mtu wa ustawi wa watoto alikuja nyumbani, akaamua Travis asiachwe peke yake na mtoto. Mama yake Kendra akawa anakuja kushinda nao. Travis alihamia zamu ya mchana, akaenda mafunzo ya wazazi. Opal alipita kila wiki. Kendra alikaa muda mrefu akiamka kila Silas alipolia, akitazama mikono ya mumewe. Majira yalibadilika kabla hajamwachia Travis ambebe mtoto bila yeye kusimama karibu.

Silas alinenepa. Alijifunza kukaa, kisha kutambaa. Faili lao la ustawi wa watoto likafungwa.

Ndipo watafiti wa kile kituo wakaja kuwasikiliza wazazi. Walimwuliza Travis: nini kingekusaidia?

"Silas alipozaliwa, wauguzi walizungumza na mke wangu tu," alijibu. "Mimi nilikuwa nimebeba mikoba."

Wakalizingatia jambo hilo. Wakaanza kujaribu utaratibu mpya: katika wodi ya wazazi, baba naye aelezwe kabla ya kwenda nyumbani. Wakamwomba Travis asaidie.

Siku ya kwanza alikaa na kijana mmoja aliyepata binti. Akamweleza habari za kilio, na la kufanya.

Kijana akacheka. "Mimi, kaka? Mimi siwezi kumuumiza mwanangu."

"Najua," Travis alisema. "Hata mimi nilisema hivyo. Sasa niambie, hasira zikikupanda, utampigia nani simu?"

Kijana aliacha kucheka. Alimtazama bintiye, akafikiri.

"Dada yangu," alisema.