Wingu katika Kifua cha Sijali

Kila alasiri, Nyamvula akimaliza kufagia uwanja wake pale Mishomoroni, mbwa Sijali huenda kulala mbele ya chumba cha Purity. Purity ni bintiye Nyamvula. Yuko Uarabuni, anafanya kazi za nyumbani. Sijali ni mbwa wake. Alimleta angali mdogo, yeye mwenyewe akiwa msichana wa shule. Sasa mbwa ana mvi mdomoni. Upepo ukigonga mlango, huinua kichwa akasikiliza. Nyamvula naye husikiliza.

Siku moja Sijali alianguka akatetemeka mwili mzima. Povu likamtoka. Lewa, mumewe Nyamvula, alisema mbwa amelishwa sumu. Akampanua mdomo, na Nyamvula akammiminia maziwa, kwani kwao maziwa ndiyo dawa ya sumu. Punde mtetemeko ukakoma. Wakayashukuru maziwa.

Kesho yake Sijali alikohoa, na mbavu zikamwenda mbio. Hakula. Nyamvula hakuthubutu kumwambia Purity. Aliwaza: mwanangu akirudi, atapokewa na nani?

Jirani yao Abdulghani ana tuktuk. Yeye hagusi mbwa, lakini alitandika turubai kiti cha nyuma.

"Mpandisheni," alisema. "Turubai nitaliosha. Naye ni kiumbe."

Kwenye kliniki ya wanyama, Daktari Salha alimsikiliza Sijali kifua. Akauliza kama amechanjwa kichaa cha mbwa. Alikuwa amechanjwa. Kisha akasema apigwe picha ya eksirei.

"Mbwa anapigwa picha kabla yangu," alinong'ona Lewa, "na mimi kikohozi changu ni cha tangu ujana."

Daktari aliwaonyesha ile picha. Penye hewa huwa peusi, aliwaeleza. Penye mfupa au maji huwa peupe. Aliufuata moyo kwa kidole, haukuwa umevimba. Katika mbwa mzee, alisema, yeye hutafuta pia madoa meupe ya mviringo, kwa kuwa saratani huweza kusambaa hadi mapafuni. Hakuyaona. Kidole kikashuka chini, upande wa kulia, kikatulia.

"Hapa palipaswa kuwa peusi, mama. Pana wingu. Alipoanguka, alitiwa kitu mdomoni?"

Nyamvula alimtazama mumewe. "Maziwa," akasema.

"Mbwa akiwa katika kifafa hawezi kumeza vizuri. Maziwa yalipita njia ya hewa yakaingia pafuni. Hiki ni kichomi."

"Basi ni mimi niliyemdhuru," alisema Nyamvula.

"Mlitaka apone. Wengi hufanya hivyo. Na kichomi hiki kina dawa."

Aliwaambia pia kwamba picha ya kifua haionyeshi ubongo, hivyo haisemi kifafa kimetoka wapi. Alimpima damu, akampa dawa ya kichomi na dawa ya kifafa. Hiyo ya kifafa wasiikatize bila kumwuliza. Akianguka tena, wasimtie kitu mdomoni, wala mkono. Waondoe vitu vya kumwumiza, wapunguze mwanga, watazame saa. Zikipita dakika tano, wamlete mbio.

Sijali alianza kula. Picha ya pili ilipopigwa, lile wingu lilikuwa limetoweka.

Baadaye alianguka tena, mara moja. Lewa alikwisha kushika jagi la maziwa. Akaliweka chini, akasogeza kigoda, akafunga pazia. Nyamvula alitazama saa. Hawakumgusa mdomo. Kifafa kilipokoma, walingoja mpaka mbwa akawatambua, ndipo wakampa maji. Safari hii hakukohoa.

Siku hiyo Nyamvula alimpigia Purity simu, akamweleza yote, hata maziwa.

"Mkataba wangu umeongezwa, mama," alisema Purity. "Sasa hivi anapumuaje?"

Nyamvula aliketi sakafuni, akaweka kiganja juu ya mbavu za mbwa.

"Anavuta," alisema. "Anatoa. Polepole tu. Anavuta."

"Usiache, mama."

Nyamvula akaendelea.