Waya wa Udongo

Yafuatayo hayana mgogoro. Kwamba Christella alifia kwenye meza ya kupigia pasi, katika karakana ya ushonaji ya Mariamu Kabagwira, mtaani Biryogo, jijini Kigali, asubuhi ya mvua, mkono wake wa kulia ukiwa umeing'ang'ania pasi ya umeme. Kwamba alikuwa peku, kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kuingia na viatu mahali palipotandazwa kanzu nyeupe. Kwamba kabla ya kufa alitamka neno moja, akalirudia. Na kwamba Kabagwira, aliyekuwa karibu na swichi kuu kuliko mtu mwingine yeyote, alilisikia neno hilo, akaiacha swichi, akakimbia.

Wasichokubaliana ni neno lenyewe. Pudentienne, mshonaji wa siku nyingi, anaapa kwamba lilikuwa "Muzimu!" Évode, mkaguzi wa vifaa vya umeme, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaingia mlangoni, anaapa kwamba lilikuwa "Zima!" Kinachoyatenga maneno haya mawili ni kidogo mno, mfumbo wa midomo na irabu ya mwisho. Lakini ikiwa Pudentienne amesikia sawasawa, Kabagwira alikimbia kama ambavyo angekimbia mtu yeyote. Na ikiwa Évode ndiye aliyesikia sawasawa, basi Kabagwira alimwacha binti aliyemlea afe huku akiombwa anyooshe mkono tu.

Mambo yalianza kwa mzaha. Christella alizaliwa Bujumbura na alikuwa Mkatoliki. Kabagwira, Mwislamu wa Biryogo tangu utoto, alimpokea akiwa msichana asiye na mtu, akampa kitanda nyumbani kwake, wala hakumwuliza habari za rozari iliyoning'inia juu ya kitanda hicho.

"Mama, hii pasi inanisalimia," Christella alisema siku moja, akiikunja na kuikunjua mikono.

"Inakusalimia namna gani?"

"Kama sisimizi. Mu vidole."

"Ni posa hiyo, sha," Clovis akadakia kutoka kwenye cherehani yake. "Chuma imekupenda. Ngoja italeta ng'ombe, tugawane maziwa."

"Wewe hata mbuzi haijakuletea," Pudentienne akamjibu, na wote wakacheka.

Kicheko kilipungua cherehani nazo zilipoanza kusalimia. Kila aliyegusa chuma wakati wa mvua alisikia sisimizi wale wale wakimpanda hadi kiwiko. Kisha ikaja harufu. Mashahidi wote, waliohojiwa mmoja mmoja, wanaieleza kwa namna moja: harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi, mbichi, wa chini sana, ndani ya chumba chenye sakafu ya saruji na dirisha lililofungwa. Clovis aliacha mzaha. Alianza kuligusa gurudumu la cherehani yake kwa kitambaa.

Évode aliitwa kwa sababu ambayo haikuhusu hofu. Shule moja ya Kimihurura ilitaka sare, na haikutoa kazi kwa karakana isiyo na cheti cha usalama wa umeme. Alikuja na kipimo chake, akakagua plagi, soketi na swichi kuu, akazunguka nyuma ya ukuta, akaikuta fimbo ya chuma iliyozamishwa ardhini imeliwa na kutu hadi ikakatika. Aliporudi ndani alimweleza mwenye karakana, na maelezo yake yanastahili kunukuliwa kama yalivyo, maana hakuna anayeyakana.

"Mama, huyu umeme anatoroka mu chombo kimoja, bado sijajua ni kipi. Akitoroka, anatafuta njia ya kurudi mu udongo. Njia yake ni huu waya wa kijani na manjano. Sasa njia imekatika. Ndiyo maana anapita mu mwili ya mtu."

"Anapita?"

"Anapita. Hapendi kufungiwa. Muweke fimbo mpya, mimi nitarudi nimtafute mpaka nimpate."

Hapo ndipo lilipozaliwa kosa la kwanza, nalo halikuwa la ufundi, bali la sarufi. Kiswahili cha Kigali hakijisumbui sana na ngeli, na Évode ana mazoea ya kuuita umeme "yeye", kama fundi mwingine anavyoizungumzia gari yake. Kosa la pili ni lake pia: hakuizuia karakana kufanya kazi hadi atakaporudi. Aliona uvujaji ni mdogo. Alisema, "Mwendelee taratibu."

Jioni hiyo Kabagwira alikwenda kwa Mwalimu Mahoro, anayesomea wagonjwa Kurani nyuma ya msikiti. Si mtu wa hila. Hakudai chochote na hakupewa chochote.

"Anatoka ardhini," Kabagwira alimnong'oneza. "Anapita kwenye waya wa kijani na manjano. Asipoipata njia anawaingia wafanyakazi wangu."

"Nani kakwambia haya?"

"Mwenye vipimo. Amesema hapendi kufungiwa."

Mwalimu aliufunga msahafu. "Basi hata wenye vyombo wamemwona," akasema kwa sauti ya chini. "Binti yangu, usimwachie njia. Funga kila mahali anapopitia, kisha nitakuja kusoma."

Kabagwira alirudi, akachukua mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, akafungua plagi moja baada ya nyingine na kuukata waya wa kijani na manjano katika kila chombo. Mwalimu alikuja akasoma, udi ukafukizwa hadi macho yakawasha. Na sisimizi wakaondoka.

Ukweli huu ndio unaowatia watu imani, na una maelezo. Fimbo ya ardhini inapokatika, waya wa udongo, yaani ule wa kijani na manjano, huwa kamba inayoviunganisha vyombo vyote. Kimoja kikivuja, vyote huuma. Ukikatwa, vile vizima hunyamaza, na kile kibovu hubaki peke yake na ubovu wake. Tiba ilifanya kazi kila mahali isipokuwa pale penye ugonjwa. Baadaye Kabagwira, asiyetaka kumdharau yeyote kati ya washauri wake wawili, alimwita mwashi, akazamisha fimbo mpya ya shaba nyuma ya ukuta. Ilisimama pale iking'aa. Hakuna chombo hata kimoja kilichounganishwa nayo.

Kuna jambo moja ambalo maelezo haya hayalifikii, na halitafichwa. Siku ya kuamkia msiba, baada ya swala ya alasiri, umeme ulikatika Biryogo nzima. Cherehani zilinyamaza, redio ya jirani ikanyamaza, na katika ukimya ule wote wanne walisikia mvumo. Ulikuwa mwembamba kwanza, kama wa nyuki aliyekwama kwenye chupa, kisha ukatulia ukawa mzito, na Clovis akachomoa plagi zote, zikaning'inia mkononi mwake kama mikia, na mvumo ukaendelea, na harufu ya udongo ikapanda kutoka chini ya meza ya pasi, ikawa nzito hata Pudentienne akaziba pua kwa kitambaa cha sare, na Christella, ambaye peke yake hakurudi nyuma, akainama taratibu akaliweka sikio lake karibu na ile pasi baridi, iliyochomolewa, katika mtaa usio na umeme, akakaa hivyo kama mtu anayesikiliza anachoambiwa mlangoni, mpaka Kabagwira akamshika bega.

"Unasikia nini?"

"Hapana kitu, Mama."

"Christella. Unasikia nini?"

"Inahema tu," akasema. "Rakini haijachoka."

Imedaiwa kwamba ule ulikuwa mvumo wa jenereta ya msikiti. Mtunza msikiti anasema jenereta haikuwa na mafuta wiki ile. Huenda kulikuwa na jenereta nyingine, hakuna aliyeitaja.

Asubuhi iliyofuata mvua ilishuka kama iliyomwagwa. Maji yaliingia chini ya mlango, Kabagwira akayafagia kwa ufagio, na sakafu ikabaki na utando wa unyevu. Umeme ulikuwa umerudi. Christella alivua ndala zake mlangoni, kama desturi ya mahali pale, akaikanyaga saruji yenye maji, akainua pasi. Kabagwira alikuwa ameegemea ukuta wenye swichi kuu, akizungumza na Clovis juu ya vifungo, na hakugeuka hadi aliposikia meza ikigonga ukuta, mara ya kwanza na tena, na alipogeuka akamwona binti amesimama wima kuliko mtu anavyosimama, shingo imekakamaa, taya zimebana, macho yanamtazama yeye na si mwingine, na kutoka kati ya meno yale yaliyofungwa likatoka lile neno, na tena lile neno, na Pudentienne akamlilia Yesu wake, "Yezu wanje!" akatoka mbio, Clovis akamfuata, na mkono wa Kabagwira, ambao kwa maneno yake mwenyewe ulikuwa tayari juu ya swichi, ukashuka.

Évode aliwapisha wote watatu mlangoni. Yeye ndiye aliyezima. Christella alianguka pale pale, na hakuamka.

Tuupime ushahidi. Mtu aliyeshikwa na umeme hufungwa taya, na neno lolote linalopita kwenye midomo iliyofumbwa huanza na "mm". Christella alikuwa wa Bujumbura, na kwao kuzima ni "kuzimya". Angetamka "zimya", na hilo nalo lingekuwa karibu na yote mawili. Pudentienne, aliyelelewa huko huko, anazijua lugha zote hizo, lakini alikuwa amekesha na hofu. Évode alikuwa na akili tulivu, lakini ni shahidi mwenye maslahi: "Zima" humpeleka Kabagwira kizimbani na kumwacha yeye, aliyesema "mwendelee taratibu", nje ya mlango. Clovis alisema "muzimu" siku ile. Alipoulizwa tena alisema alikuwa akitazama vifungo.

Kabagwira mwenyewe hakusema lolote juu ya neno. Alipokuja Évode baada ya maziko kuunganisha upya zile nyaya, alimzuia.

"Ukiurudisha huo waya, umesema ni mimi."

"Mama, nisemeje basi?"

"Sema ni yeye. Ulimwita mwenyewe. Ulisema anapita."

"Nilisema umeme, Mama."

"Ulisema *anapita*, Évode."

Évode alifungasha vifaa vyake. Aliichukua pasi ya Christella akaenda nayo Kicukiro, kwenye meza yake ya kazi, kutafuta ulipo ubovu. Yaliyofuata aliyaeleza baadaye, bila kuulizwa. Alipima kati ya koili ya joto na bati la pasi: hakukuwa na mpenyo. Aliimwagia maji, akapima. Aliipasha joto, akaipoza, akapima tena. Aliifungua yote akaikagua kwa kioo cha kukuzia. Pasi ilikuwa nzima kama iliyotoka dukani. Alirudi Biryogo kwa kisingizio, akapima waya wa soketi, meza, kila cherehani, na hakukuta chombo kinachovuja. Kwa kipimo chake, hapakuwa na njia ambayo umeme ungeweza kuufikia mkono wa Christella.

Maneno haya yanabomoa maelezo yake mwenyewe, na ushahidi ambao mtu anautoa dhidi ya nafsi yake hauna budi kupewa uzito. Ni kweli kwamba uko ubovu unaojificha chombo kikikauka, mafundi wanaujua. Évode anaujua pia. Haamini kwamba ndio huu.

Kabagwira alimngoja uani.

"Umekuta nini mu pasi?"

Wakati huo msichana mwingine, Claudette, alikuwa amesimama kwenye meza ile ile, peku, akikunja kola. Évode alimtazama. Alijua kwamba akisema alichokiona, Kabagwira angekuwa huru na lawama, na nyaya zisingerudishwa kamwe.

"Ilikuwa mbovu, Mama," akasema. "Waya wa udongo ungemwokoa."

Kabagwira aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesomewa hukumu aliyokuwa ameshaijua. "Basi rudisha," akasema.

Nyaya zimerudishwa. Cheti kimetoka. Claudette anafanya kazi na hajaumwa na kitu. Kabagwira haingii tena katika chumba cha pasi, na akiitwa Mama, haitiki. Husubiri aitwe kwa jina lake.

Évode anashikilia kwamba aliokoa uhai wa mmoja. Pudentienne, aliyesikia habari hizi, anashikilia kwamba alimzika mwanamke asiye na hatia akiwa hai, na kwamba aliyemwua Christella bado yumo, ametulia, kwa kuwa kuna mtu mwingine aliyebeba mzigo wake. Yote yaliyojulikana yamewekwa hapa, ya upande huu na ya upande ule. Wewe uliyeyasikia bila kupoteza mtu, sema: ungemwambia nini yule mama pale uani?