Chombo cha Mtoto Mmoja

Nyumba ya Luchia ilianza kunuka bahari. Kijiji chetu cha Kalabria, kusini mwa Italia, kiko juu milimani, na bahari tunaiona kwa mbali tu, ukungu ukitaka. Majirani tukasema ni majonzi: mwanawe Zefi alizikwa kabla ya Krismasi, na mfiwa hunusa mengi.

Luchia alijua zaidi. Kila mwaka kabla ya Kwaresima wafu wetu hupewa juma moja la kurudi nyumbani. Tunawaandalia divai na ngano ya kuchemsha, kila marehemu na sahani yake. Jumamosi ya mwisho tunaacha milango wazi waondoke, nao huondoka wakilia. Mwaka huo Luchia alipiga komeo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alitaka mtoto wake abaki.

Na kweli alibaki. Luchia alimsikia akikohoa nyuma ya pipa la unga, kikohozi chake kilekile, akalia kwa furaha. Lakini harufu ya bahari ikazidi, shuka zikalowa maji ya chumvi, na jioni moja, akiwa ameinama kuchochea moto, huku Zefi akikohoa kule kwenye pipa, alisikia miguu mingine midogo yenye majimaji ikitoka chumbani, ikija polepole, ikisimama nyuma yake, na pumzi ya baridi ikamgusa shingo.

"Mama, safari hii usiniache."

Ilikuwa sauti ya msichana. Luchia hakuwahi kuzaa msichana.

Mama mkwe wake, Bibi Drane, alipoambiwa alijifunika uso. Akasimulia jambo ambalo ukoo wao huona haya kulitaja. Zama zile wazee wetu walipowakimbia Waturuki kutoka Albania, mama wa ukoo alifika pwani na watoto wawili. Chombo kilikuwa na nafasi ya mtoto mmoja. Alimpandisha wa kiume, na ukoo wote umetokana naye. Binti alibaki mchangani akiita. Kila mwaka huwafuata wafu hadi mezani, hapati sahani, hutoka nao.

"Umemfungia ndani, mwanangu," alinong'ona. "Mpe sahani yake, umfungulie."

"Na Zefi?"

"Naye ataondoka."

Luchia alilia mpaka sauti ikakauka. Kisha akaweka sahani mbili. Padri Vlashi akafukiza ubani na kusoma sala. Bibi Drane akanyunyiza majivu kizingitini, kama tufanyavyo ili kuwaona waliotoka. Luchia akafungua komeo kwa mkono wake mwenyewe.

Nyayo zikajichora kwenye majivu, wa kushoto umepinda kidogo kwa ndani. Zefi. Luchia alipiga magoti akazibusu, akangoja nyayo nyingine.

Hazikuja. Nyuma yake, sahani ya pili ilikuwa tupu, imerambwa. Mikono midogo yenye baridi ikamzunguka shingoni.

"Usilie, mama. Nafasi ilikuwa ya mtoto mmoja, na safari hii umenichukua mimi."