Dadu Nyuma ya Kadibodi

"Imetoka ngapi?" niliuliza.

"Kumi na saba," alijibu mchumba wangu bila kunitazama. "Mfamasia anashika mzizi, anatoka mtoni mzima. Tuishie hapo kwa leo."

Wenzangu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nauza miwani, kutwa nzima natazama macho ya watu, na macho ya yule mwanaume yalikuwa yanadanganya.

Niwaeleze kidogo. Kila Jumamosi mchana tunakutana sebuleni kwake kucheza mchezo wa kuigiza. Kila mtu ana mhusika wake kwenye karatasi: Fundi Saa ni mchawi mwoga, Mfamasia, dada mpole wa duka la dawa, ni mwindaji, na mimi ni jambazi mstaafu. Mchumba wangu, ambaye siku za kazi hutengeneza lifti, ndiye Mkuu wa Mchezo. Anatusimulia tunachokiona, anaigiza maadui wote, na penye hatari anarusha dadu yenye nyuso ishirini nyuma ya kadibodi aliyoisimamisha mbele yake: namba kubwa inaokoa, ndogo inaua. Hakuna anayechungulia nyuma ya kadibodi ile, hata Fundi Saa, ambaye huchungulia mpaka sufuria za watu.

Shujaa wangu wa kwanza alikufa mwezi uliopita kwa dadu hiyohiyo.

"Pole, mpenzi," aliniambia. "Dadu haina mchumba."

Nikameza. Lakini Mfamasia hafi. Kisimani akaokoka, mashua ikapasuka akaokoka, na leo mto umemtema.

Wageni walipoondoka, mchumba wangu akaenda jikoni kuchemsha chai. Simu yake ikawaka mezani. Ujumbe ulitoka kwa Mfamasia.

"Asante kwa leo. Nimelia njia nzima. Tafadhali mwenzio asijue."

Nikajifungia bafuni, nikampigia dada yangu.

"Dada, nimeibiwa."

"Simu?"

"Mume."

"Huyo si mume bado. Kadi za harusi zimeshachapwa?"

"Zinachapwa Jumatatu."

"Basi una bahati. Mbane leo hii mpaka aseme, na usilie mbele yake. Utalia kwangu."

Nilirudi sebuleni, nikaiangusha ile kadibodi. Dadu ilikuwa imelala palepale ilipotua. Akaja na vikombe viwili, akanikuta nimeiinamia.

"Hii ni mbili," nilisema. "Ulisema kumi na saba."

Akaweka vikombe chini taratibu.

"Nilidanganya."

"Mimi uliniua kwa tatu."

"Ndiyo."

"Unampenda?"

"Hapana."

"Basi analia nini njia nzima, na mimi nisijue nini?"

Nikamsukumia simu. Alisoma, akakaa.

"Siwezi kukwambia."

"Huwezi au hutaki?"

"Nimeapa."

"Kwangu ulikuwa unajiandaa kuapa pia."

Nikavua pete, nikaiweka kando ya dadu.

"Jumatatu usihangaike kwenda kwa mchapaji."

Nilitegemea apige magoti, au angalau akasirike nipate wa kugombana naye. Yeye akainuka, akashusha bati la biskuti kutoka juu ya kabati, akaliweka mbele yangu.

"Unakumbuka siku ya kwanza, kabla hatujaanza kucheza? Niliwaambia kila mtu aandike jambo moja ambalo hataki limkute kwenye meza hii."

"Nakumbuka tuliandika vitu."

"Vimo humu. Watu mnadhani kazi ya Mkuu wa Mchezo ni mazimwi na dadu. Kazi yangu kubwa ni hili bati. Mtu anakuja hapa kupumzika, siwezi kumuumiza palepale panapomuuma." Akalisogeza kwangu. "Fungua ukitaka. Sitakuzuia. Ila ukisoma ya mwenzako, kiti hiki sitakikalia tena."

Akanigeuzia mgongo, akatazama nje dirishani.

Sitajisifu bure. Nilifungua. Wivu hauna adabu, na mkono wangu ulikuwa mwepesi. Nikakunjua karatasi ya juu. Mwandiko ulikuwa wangu, kwa ile kalamu ya kijani ya dukani kwetu.

"Asiwepo baba anayeondoka asirudi."

Nikakaa chini. Nilikuwa na miaka tisa baba alipotoka kwenda kununua betri za redio. Mpaka leo hajarudi, na kuandika jambo hilo nilishasahau kabisa.

Miaka miwili tunacheza. Askari, wafanyabiashara, mfalme aliyetekwa: kila baba katika hadithi za mtu huyu alirudi nyumbani. Wengine walichechemea, mmoja alirudi na jicho moja, lakini walirudi. Fundi Saa aliwahi kumsihi amuue mhunzi aliyepotea mlimani, hadithi ichangamke, akakataa. "Mhunzi ana watoto," alisema. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote.

Halafu nikamfikiria Mfamasia. Moto uliwahi kumchoma, mishale ilimtoboa, na hapo dadu haikumhurumia hata kidogo. Alikuwa anaokolewa majini tu. Kisima, mashua, mto: huko ndiko kunakomuuma.

Nikarudisha karatasi yangu, nikafunika bati.

"Yangu kuna mtu uliyewahi kumwambia?"

"Mama yako aliniuliza mwaka jana kwa nini hutaki habari za baba. Nikamjibu sijui."

Machozi yalinitoka, na dada hakuwepo.

"Ya Mfamasia sijaisoma," nilisema. "Wala sitakuuliza."

Aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Na pete?"

"Nivishe."

"Umeivua mwenyewe, mbele ya Mkuu wa Mchezo. Hilo lina dadu yake. Ikizidi kumi, nakuvisha."

"Na isipozidi?"

Akasimamisha kadibodi, akaokota dadu, akairusha. Niliisikia ikigonga meza, ikabingirika, ikatulia. Aliinama kuitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Ngapi?" niliuliza.

"Ishirini."

Nikanyoosha kidole. Sikuchungulia.