Mfarishi Uliojipinda Wenyewe

Kila alasiri, Nadia aliporudi shuleni alivua sare, akala viazi vitamu na maharage aliyofunikiwa jikoni, kisha akaingia katika chumba cha kushonea cha babu yake, Mzee Uthmani. Alifagia vipande vya vitenge, akaokota pini zilizoanguka sakafuni, akapasha pasi ya makaa. Chumba hicho kilikuwa nyuma ya nyumba yao, katika mtaa wa Waswahili mjini Muyinga, na tangu masika yaanze hakikuingia jua. Ukungu ulishuka kutoka vilimani, ukatulia uani, na siku nyingine ulikawia hapo mpaka karibu na adhuhuri.

Mzee Uthmani alikuwa maarufu kwa mifarishi, yaani matandiko mazito ya kujifunika wakati wa baridi. Juu yake waliunga vipande vya vitenge, katikati wakatandaza pamba, na chini wakashonea bafta nyeupe, kitambaa chepesi cha pamba. Mzee alishona kwa cherehani. Vitenge alivikata Mama Ursula, mjane aliyekulia katika kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma, akajifunza ushonaji huko, na aliporejea Burundi akapewa chumba cha uani katika nyumba ya Mzee. Kutayarisha bafta ilikuwa kazi ya Bibi Shakila, mke wa Mzee. Bibi alipofariki, kazi yake alikabidhiwa Nadia, mtoto wa miaka kumi na miwili.

Mama Ursula alimfundisha kwa subira. "Kwanza unailoweka bafta, unaianika, ili inywee kabla haijashonwa. Kisha unachanja kidogo ukingo wake mgumu, unashika uzi mmoja wa mapana, unauvuta polepole mpaka utoke wote. Utaacha njia nyembamba kama mstari wa penseli. Unakata juu ya njia hiyo. Mwisho unakunja kitambaa, pembe juu ya pembe. Zisipokutana, tunakivuta kwa mshazari, mimi huku na wewe kule, mpaka zikutane."

"Na nikipima kwa rula tu, Mama?"

"Rula haijui nyuzi zinakoelekea, mwanangu."

Nadia alielewa. Lakini jora la bafta, kitambaa kizima kilichoviringishwa, lilikuwa limesimamishwa kwenye pembe ya chumba, limefungwa kwa kamba kifuani na miguuni, na ndilo lililokatwa sanda ya Bibi Shakila.

Siku ya kwanza alipokuwa peke yake alichanja ukingo, akashika uzi, akavuta. Kitambaa chote kilijikunyata kuelekea kwake, kikawa na makunyanzi kama ngozi ya mkono wa bibi yake. Uzi ulitoka kwa mlio mdogo sana, mfano wa mtu avutaye pumzi kupitia meno. Nadia akaachia. Alitazama mlangoni, hapakuwa na mtu. Alipotazama tena mezani, makunyanzi yale yalikuwa yakijinyoosha yenyewe, moja baada ya jingine, taratibu, kana kwamba aliyelala hapo ameona afadhali aendelee kulala.

Hakuthubutu tena. Kuloweka nako kulimtisha, kwani alijua jinsi bafta mbichi inavyoning'inia kwenye kamba ndani ya ukungu, nyeupe na ndefu, ikijipindapinda kwa upepo. Basi akaweka rula kwenye mkato uliokwisha kuwapo mwanzoni mwa jora, akapima kutoka hapo, akakata, akapiga pasi. Kipande kikaonekana safi, pembe nne barabara.

"Umeloweka?" Mama Ursula aliuliza.

"Nimeloweka, Mama."

"Uzi umevuta?"

"Nimevuta."

Mama Ursula alimwamini, akampelekea Mzee kipande kile ashone. Ndivyo ilivyokuwa kwa mfarishi wa pili, na kwa wa tatu.

Mifarishi miwili ya kwanza ilipelekwa kwa wateja wa Gitega na ami wa Nadia, Rachid, aliyekuwa akisafirisha abiria kwa gari lake la Probox. Haikupita muda mrefu, Rachid akarudi na mmoja, ameukunja chini ya kwapa, wala hakutaka kuuweka kwenye kiti cha abiria.

"Mzee, yule mama wa Gitega anairudisha," alisema, akabaki mlangoni. "Anasema aliifua mara moja tu, akaitandika kwa kitanda ya watoto. Walipoiona wakatoka wote mbio. Mi sikuamini. Bon, iangalie weye mwenyewe."

Mzee Uthmani aliutandaza juu ya meza. Katikati ya mfarishi palikuwa na tuta refu, likipita kwa mshazari kutoka pembe moja hadi nyingine: huku limeinuka kama bega, kule limekunjika kama goti. Mtu angeapa kwamba kuna mwanamke mwembamba aliyelala ubavu chini yake. Mzee aliweka kiganja juu ya bega lile, akalikandamiza mpaka likalala. Alipoondoa mkono, bega likainuka.

Nadia alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Bismillahi!" Jirani yao, Bi Husni, alikuwa amesimama nyuma ya Rachid akichungulia. "Ile nguo iko na mtu ndani! Mi nilisema zamani, hamkunisikia. Tangu mkasi wa marehemu ushikwe na yule aliyetoka Tanzania, marehemu hana raha. Nani anajua amekuja na nini huko?"

Mama Ursula alikuwa hapo hapo, sindano mkononi.

"Bi Husni," alisema Mzee Uthmani kwa sauti nzito, "katika nyumba hii hatumsemi mtu aliye mbele yetu kana kwamba hayupo. Mfarishi wa tatu umekwisha. Kesho Alhamisi utafuliwa na kuanikwa hapa uani, na kila mtu ataona kwa macho yake."

Siku hiyo ya Alhamisi habari zilikwisha kufika shuleni. Letisia, aliyekaa dawati moja na Nadia, alimsogelea wakati wa mapumziko.

"We Nadia, eti kwenu mablanketi yanaota mabega?"

"Achana nami."

"Mama amesema yule Ursula atafukuzwa. Amesema watu wa mtaa hawatangoja tena." Letisia aliacha kucheka. "Lakini mbona unatetemeka? Si yeye ndiye mchawi, wala si weye."

Nadia akageuka akaenda zake. Alijua kwamba hakuloweka wala kuvuta uzi. Lakini je, kosa dogo namna hiyo laweza kuinua bega la mtu? Alijaribu kuamini kwamba haliwezi, kwa kuwa kuamini hivyo kulimwacha yeye salama.

Ijumaa asubuhi alitoka na ndoo kuelekea bombani. Ukungu ulikuwa mzito hata hakuiona kamba ya nguo; aliuona tu mfarishi ulioanikwa tangu jana, umesimama hewani. Upande mmoja ulikuwa umejivuta juu, upande wa pili umeshuka, na bafta ilikuwa imegeuka kumwelekea. Bega lilikuwapo. Goti lilikuwapo. Hapakuwa na upepo, lakini mfarishi uliendelea kujizungusha kidogo kidogo kadiri ulivyokauka, kama mgonjwa anayetafuta ubavu usiomuuma. Tone la maji lilidondoka kutoka penye goti. Kisha jingine.

Ndoo ilimtoka Nadia mkononi ikabingirika. Kwa kishindo hicho wanawake waliokuwa bombani wakasogea kwenye uzio, na Bi Husni mbele yao. Waliutazama mfarishi, kisha wakautazama mlango wa Mama Ursula.

"Leo leo," hatimaye alisema mmoja wao. "Aondoke leo leo, kabla haijawa mambo ingine."

Mlango wa chumba cha uani ulifunguliwa. Mama Ursula alitoka amejitanda kitenge chake, kikapu kichwani. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Mzee Uthmani, aliyekuwa ametoka kwa ajili ya kelele ya ndoo.

"Mzee, nakushukuru kwa yote. Rachid anakwenda Gitega sasa hivi. Kutoka huko nitakwenda Makebuko, kwa kaka yangu Kastori."

"Ulikwisha niambia kwamba nyumba ya Kastori ina chumba kimoja, na watoto wengi."

"Nitalala jikoni. Huko angalau hawanijui kwa jina hili ninalopewa hapa."

Rachid aliwasha gari. Taa zake zilipenya ukungu, zikaangaza mfarishi kwa nyuma, na kivuli cha mwanamke aliyelala kikatokea wazi juu ya ukuta. Mwanamke mmoja akafunika uso. Mama Ursula alikitazama kivuli hicho bila kukwepa, kisha akashika kitasa cha mlango wa gari.

"Sikuloweka!" Nadia alipiga ukelele.

Watu wote waligeuka.

"Babu, sikuloweka bafta. Wala sikuvuta uzi. Yote mitatu. Niliogopa, kwa sababu ni jora la sanda ya Bibi. Mama Ursula aliniuliza, nikamwambia nimefanya. Yeye hakufanya kitu. Nilisema uongo."

Mzee Uthmani hakumpiga wala hakumkemea. Alimpa Rachid ishara azime gari. Akautoa mfarishi kambani kwa mikono yake, akaupeleka mezani, akawaita wote waingie, naye Bi Husni akawekewa kiti mbele. Akachukua wembe, akafumua mshono wa bafta upande mmoja, sentimita baada ya sentimita. Ndani palikuwa na pamba tu. Watu walikuwa wameinama kiasi kwamba pumzi zao ziliipeperusha.

"Sasa tazameni," alisema. Alichanja ukingo wa bafta, akashika uzi mmoja wa mapana, akauvuta. Mlio ule mwembamba ukasikika, na Bi Husni akashika kifua chake. Uzi ulipotoka wote ukaacha njia yake, nayo haikwenda sambamba na mkato wa Nadia. Ilianzia pembeni, ikazidi kuachana nao, hadi mwisho wa kitambaa paliingia kiganja kizima kati ya njia na mkato.

"Kitambaa kilikatwa mraba kwa macho, lakini nyuzi zake zilikuwa zimelala mshazari. Tena hakikuwahi kulowekwa. Kilipopata maji kikanywea kufuata nyuzi zake, kikavuta vitenge na pamba vikaenda nacho. Bega ni hilo. Goti ni hilo."

"Na huo mkato wa mwanzo, ambao mtoto alipimia kutoka hapo?" aliuliza Mama Ursula kwa upole. "Katika chumba hiki hatukati hivyo, Mzee."

Mzee Uthmani alilileta jora kutoka kwenye pembe, akalifungua kamba, akapitisha kidole kwenye ncha yake iliyopinda.

"Nilikata mimi," alisema. "Siku ya Shakila. Nilikata kwa haraka, na macho yangu hayakuwa yakiona."

Bi Husni alianza kulia kwa sauti ndogo, kwa kuwa siku hiyo ni yeye aliyelishika jora upande wa pili. Alipojifuta machozi alimgeukia Mama Ursula. "Ursula, mi nimekukosea. Nimekusema mpaka sokoni. Nitarudi huko huko nikaseme kweli."

"Nadia atatangulia," Mzee alisema. "Ataanzia bombani, hapo walipo wengi, kisha aende kwa akina Letisia. Aseme kwa mdomo wake, asitumwe mtu mwingine."

Nadia alikwenda. Masikio yake yaliwaka moto, na sauti ilimkatika mara nyingi, lakini alisema. Aliporudi, kikapu cha Mama Ursula kilikuwa kimerudishwa ndani, na Probox ilikuwa imekwenda Gitega bila yeye.

Bafta iliyobaki waliiloweka siku ile ile, wakaianika. Ilipokauka, Nadia alipewa mkasi, na safari hii babu yake na Mama Ursula walikaa karibu naye. Alichanja ukingo, akavuta. Kitambaa kikajikunyata kumjia. Mlio ukatoka. Nywele zilimsisimka kama siku ya kwanza, lakini aliendelea kuvuta mpaka uzi ukawa wote mkononi mwake, akakata juu ya njia yake. Walipokunja, pembe hazikukutana. Mama Ursula akashika pembe moja, Nadia akashika ya pili upande wa mshazari, wakavutana mpaka bafta ikakubali, na pembe zikalaliana sawasawa.

Waliirekebisha mifarishi yote, pamoja na ule wa pili uliorudi kutoka Gitega baadaye. Walipoifua na kuianika, ilining'inia ndani ya ukungu imenyooka kama mlango.

Jioni moja, walipokuwa wakiikunja, Mzee Uthmani alimwita Nadia, akamsimamisha mbele yake.

"Mjukuu wangu, kuogopa hakukuwa kosa lako. Hata mimi mwenyewe nilikaa muda mrefu bila kuligusa jora hili. Ungeniambia, 'Babu, naogopa,' tungeloweka pamoja. Lakini uliposema 'nimeloweka', uliitoa hofu kifuani mwako ukamvika Mama Ursula, na watu walipoiona juu yake wakataka kumfukuza. Kitu kilichotutisha sote katika uwanja huu kilikuwa uongo wako, umelala ndani ya mfarishi. Katika kazi, mtu akikuuliza kama umefanya, mwambie jinsi ilivyo, hata kama jibu ni aibu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Babu."

"Basi kamwombe radhi Mama Ursula. Bombani ulisema kweli mbele ya watu, lakini yeye mwenyewe bado hujamwambia neno."

Nadia alivuka uani. Mlango wa Mama Ursula ulikuwa wazi, na taa ilikuwa inawaka ndani.