Damu Nyepesi, Supu Nzito

Kikopey, kando ya barabara kuu, kuna bucha nyingi, na kila bucha ina mchomaji wake anayejisifu kwa nyama. Wamalwa alichoma nyama pia, lakini yeye alijisifu kwa supu. Sufuria yake ilikuwa motoni kila asubuhi, imejaa kwato na mifupa ya kichwa. Madereva wa malori walipewa kikombe kabla hata ya kuagiza nyama.

"Mzee, hii supu si ni maji ya kuosha sahani?" dereva mmoja alipenda kumchokoza.

"Simamisha kijiko ndani," Wamalwa alimjibu. "Kikianguka, imwage."

Kijiko kilianguka kila siku, maana supu ni supu. Watu walicheka, wakainywa yote. Lakini kwa Wamalwa kulikuwa na tusi moja ambalo hakulitania. Ni kuambiwa, bila utani, kwamba supu yake ni nyepesi.

Mke wake, Truphosa, alipika ugali na kuosha vyombo nyuma ya bucha hiyohiyo. Kifungua mimba wao aliitwa Maxwel. Kwa hiyo watu waliwaita Baba Maxwel na Mama Maxwel.

Asubuhi moja, Wamalwa akikata mifupa, moyo wake ulianza kurukaruka. Ulipiga haraka, ukasita, ukapiga tena ovyoovyo kama kuku ndani ya gunia. Alisikia kizunguzungu. Panga lilimtoka mkononi, naye akakaa chini kando ya jiko.

Truphosa alimpeleka zahanati. Huko waliambiwa waende hospitali, Naivasha, kwenye mashine ya kuchora mapigo ya moyo. Wamalwa alipimwa. Kisha akaingia peke yake kwa daktari. Daktari huyo aliitwa Joan. Alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu.

"Mzee, moyo wako haupigi kwa mpango," Joan alisema. "Ukiwa hivyo, damu inakaa mahali pamoja ndani ya moyo, halafu inaganda. Hilo bonge likienda kwa kichwa, unapata stroki. Unaweza kupooza ama kufa."

Alimpa dawa za aina mbili.

"Hii ni ya kupunguza mbio za moyo. Na hii itafanya damu yako iwe nyepesi. Utakuwa unakuja tunakupima damu. Na usitumie dawa ingine kabla hujaniuliza. Hata ya miti."

Joan alisema mengi. Wamalwa aliondoka na neno moja tu. Nyepesi.

Nje, Truphosa alimuuliza, "Amesema ni nini?"

"Ni presha kidogo," Wamalwa akasema.

Hakutaka kusema zaidi, kwa sababu aliona aibu. Mtu wa supu nzito, aambiwe damu yake itakuwa nyepesi? Kwao, damu nyepesi ilikuwa damu ya mgonjwa, damu iliyoisha nguvu. Hakuuliza daktari maana ya neno hilo. Alifika nyumbani, akaweka tembe zote juu ya kabati, mbali na macho.

Wakati huo mama mmoja alikuwa akipita Kikopey na mizizi kutoka upande wa Longonot. Alisema mizizi hiyo ni ya moyo. Wamalwa hakumuuliza jina la mti. Aliichemsha kwenye sufuria ndogo pamoja na supu, akawa anakunywa asubuhi na jioni. Baada ya muda moyo ukatulia.

Basi akaanza kusema. Aliwaambia madereva na watalii. Alimwambia hata kasisi aliyesimama kununua mbavu. Sufuria ndogo ikapata jina lake, supu ya moyo.

Mmoja wa waliomsikia ni Njuguna. Huyu alikuwa mkulima wa viazi kutoka Ndabibi na mzee wa kanisa. Alileta viazi vya chipsi pale bucha.

"Hata mimi moyo wangu unaruka," Njuguna alimwambia. "Niko na dawa za hospitali. Nameza kila siku."

"Hizo za kufanya damu nyepesi?"

"Hizo."

"Utaisha, mzee wangu. Mimi zangu niliachana nazo. Niangalie."

Njuguna alimwangalia. Aliona mtu mwenye mikono minene akigeuza mbavu kwenye moto, anacheka. Lakini Njuguna alikuwa mtu mwangalifu. Hakuacha dawa za hospitali. Alichukua mizizi kwa Wamalwa pia, akaenda kuvitumia vyote pamoja. Alidhani hiyo ndiyo njia ya mtu mwenye busara.

Halafu ikaja Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi. Bucha ilikuwa imejaa. Mwanamke mmoja aliingia, kitambaa kimemteleza kichwani, viatu vimejaa vumbi.

"Habari zenu. Naulizia Baba Maxwel."

"Ni mimi, mama. Karibu."

"Mimi naitwa Njoki, bibi ya Njuguna wa viazi. Mzee amelazwa Naivasha. Anatoka damu kwa ufizi tangu jana na haishiki, haikomi. Ako na alama nyeusi mwili mzima, na hakuna mtu amemgonga." Alimeza mate. "Daktari anauliza amekuwa akikunywa nini. Mzee hawezi kuongea vizuri, lakini ametaja supu yako. Ile mizizi ulimpa imeisha. Nipee ingine daktari aione."

Waliokuwa wakitafuna waliacha kutafuna. Wamalwa aliona macho yote yamemgeukia, macho ya watu aliowaambia habari za supu ya moyo siku nyingi. Uso ukamwaka moto.

"Mizizi gani, mama?" alisema. "Mimi naweka mifupa na chumvi tu. Labda alikula kitu ingine huko."

Sufuria ndogo ilikuwa inachemka nyuma yake.

Njoki alimtazama kidogo. "Sawa, baba," alisema. "Asante." Akatoka.

Watu walirudi kwenye sahani zao, lakini walikula wakiwa wameinama. Wamalwa alichukua kisu, akaanza kukata nyama ambayo hakuna aliyeiagiza.

Truphosa alikuja kutoka nyuma, mikono ina povu la sabuni.

"Baba Maxwel, huyo mama amekwambia asante."

Wamalwa aliendelea kukata.

"Amekushukuru kwa uongo. Na bwana yake ako kitanda."

"Watu walikuwa wananiangalia," Wamalwa alisema polepole.

"Na walikuwa wanajua. Kila mtu hapa ameambiwa hiyo mizizi inatibu." Truphosa alifuta mikono kwenye aproni. "Niliona tembe zako juu ya kabati. Nikanyamaza. Nikasema wewe ni mtu mzima, unajua unachofanya. Sasa huyu mzee akikufa, utaenda mazishi kumwambia nani kwamba ulikuwa unaweka mifupa na chumvi?"

Wamalwa alitua kisu. Alichomoa fungu la mizizi chini ya meza, akatoka mbio na aproni yake ya damu ya nyama. Truphosa alimfuata. Mteja mmoja mwenye pikapu aliacha sahani yake, akawapa lifti mpaka Naivasha. Njiani moyo wa Wamalwa ulianza kurukaruka tena, lakini hakumwambia mtu.

Walimkuta Njoki kando ya kitanda. Njuguna alikuwa amelala, pamba mdomoni, mikono ina madoa meusi. Daktari alikuwa Joan yuleyule. Alimtambua Wamalwa mara moja.

"Mzee, wewe hukurudi kupimwa damu."

Wamalwa alitamani ageuke arudi. Badala yake alinyoosha mkono wenye mizizi.

"Daktari, nimemdanganya huyu mama mbele ya watu. Mizizi ni hii. Mimi ndiye nilimpa bwana yake."

Njoki aliinua uso. Aliitazama mizizi tu. Wamalwa angependa kama angemtukana.

Joan alichukua mizizi, akainusa. "Inaitwaje?"

"Sijui."

"Mlikuwa mnatumia kiasi gani?"

"Nilikuwa nakadiria tu na macho."

"Na nani alisema ni ya moyo?"

"Huyo anauza."

Kila jibu lilimfanya aone aibu zaidi. Alikuwa amewasimulia watu habari za mizizi hiyo kwa sauti kubwa. Sasa alionekana hajui hata jina lake.

Joan hakumkemea. "Umefanya vizuri kuileta," alisema. "Nilikuwa nadhani mzee amezidisha tembe. Dawa yake inazuia damu kuganda. Kuna miti inafanya kazi hiyohiyo, na mingine inazidisha nguvu ya dawa. Ukiziweka pamoja, ukijikata ama ufizi ukipasuka, damu haishiki. Inaweza kuvuja hata ndani ya kichwa. Tumesimamisha tembe kwa sasa, na tutampa dawa ya kusaidia damu ishike."

"Kwa hivyo miti yote ni mbaya?" Truphosa aliuliza.

"Sijasema hivyo, mama. Dawa zingine za hospitali zilitoka kwa miti. Lakini zimepimwa, tunajua kiasi. Hii hatujui ni nini, hatujui nguvu yake, na hatujui inagombana na dawa gani. Mtu asichanganye bila kutuambia. Na akishachanganya, atuambie. Sisi si polisi."

Kisha akamgeukia Wamalwa. "Na tembe zako?"

Wamalwa aliinamisha kichwa. "Ulisema damu itakuwa nyepesi. Nikaona nitakuwa mtu dhaifu. Mimi ni mtu wa supu, daktari. Nyepesi ni kitu imeharibika."

Joan aliweka mizizi kando. "Basi neno letu ndilo lilikuwa baya, na ningekuuliza umelielewaje. Damu yako haipungui, mzee. Haiishi nguvu. Dawa inaizuia tu isigande ndani ya moyo."

"Lakini na mizizi moyo ulitulia."

"Ugonjwa huu unakuja na kwenda. Leo moyo unatulia wenyewe, kesho unaruka. Na bonge la damu linaweza kutokea hata siku unajisikia mzima." Joan alimshika kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo. "Hata sasa unaruka. Si ndiyo?"

Wamalwa aliitikia kwa kichwa. Truphosa, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alimshika bega.

Njuguna alitoa pamba mdomoni. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Uliniambia nikuangalie," alisema. "Nikakuangalia." Akapumua. "Na leo umemwambia bibi yangu ni chumvi."

Wamalwa alisema pole, na hata yeye aliona neno hilo halitoshi.

Njuguna alilazwa siku kadhaa, damu ikashika, akaruhusiwa kurudi Ndabibi. Alianzishiwa tena dawa zake polepole, chini ya macho ya daktari. Viazi vyake havikuonekana tena pale bucha.

Wamalwa naye alianza dawa. Anameza kila jioni, na Truphosa humkumbusha. Joan alimfundisha asiache kumeza eti kwa sababu anajisikia vizuri. Alimwambia ale sukuma na managu kama alivyozoea, asiache ghafla wala asizidishe ghafla, maana mboga za majani hubadilisha nguvu ya dawa ile. Akiona damu kwenye ufizi, choo cheusi, au uso au mkono umelegea upande mmoja, aende hospitali palepale.

Sufuria ndogo aliitupa. Mteja akiuliza supu ya moyo, Wamalwa humwambia haipo, kisha humwambia kwa nini. Wengine humcheka. Mwingine alimuuliza, "Sasa mzee, ulikuwa unatuuzia sumu?" Aliona aibu siku nzima. Kesho yake, mtu mwingine alipouliza, alisimulia tena.

Siku moja ya kliniki, Wamalwa alimkuta Njuguna ameketi kwenye benchi la kungojea kupimwa damu. Hawakuwa wameonana tangu siku ile ya wodi. Wamalwa alimsalimia, kisha akakaa upande wa mwisho.

Katikati yao alikaa mwanamke aitwaye Nangila, ameukumbatia mkoba. Alimuuliza Njuguna anaendeleaje.

"Karibu nikufe," Njuguna alijibu, bila kushusha sauti. "Nilichanganya dawa na mizizi. Huyu mzee hapa ndiye alinipa."

Benchi zima likageuka. Wamalwa alitamani ardhi ipasuke. Alitazama mlango wa kutokea. Halafu akatazama watu.

"Ni kweli," alisema. "Nilimpa kitu hata mimi sikujua. Bibi yake akakuja kuniuliza, nikakana."

Nangila alikuwa anatazama mkoba wake. Baadaye aliufungua kidogo. Ndani kulikuwa na chupa ya soda, nusu imejaa maji ya rangi ya chai.

"Hata mimi niko na hii," alisema kwa sauti ya chini. "Niliambiwa ni ya moyo. Nameza pamoja na tembe. Daktari atanigombeza?"

"Mimi hakunigombeza," Wamalwa alisema.

"Naskia aibu."

"Najua, mama. Hata mimi niliskia aibu, na aibu yangu ilikuwa karibu iue huyu mzee."

Njuguna alivuta miguu yake kando, akawapa nafasi ya kupita.

"Mpeleke, Baba Maxwel," alisema. "Akienda peke yake hataingia."

Wamalwa alisimama. Nangila alimfuata, chupa mkononi, mpaka mlango wa Daktari Joan. Pale mlangoni akasita, akaanza kurudisha chupa ndani ya mkoba.

Wamalwa akabisha hodi.